Marafiki Watatu: Habari za Hadithi Moja na Safari Yake

Waswahili husema, "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki." Mithali hii yajulikana na kila mtoto wa shule, nasi tulio walimu tumeiandika ubaoni mara nyingi na kuwaagiza watoto waitungie insha. Insha zenyewe hufanana: palikuwa na watu wawili, wakapatwa na shida, mmoja akakimbia, mwenziwe akabaki. Mtoto akiisha kuandika hayo huona amemaliza kazi, na mwalimu naye humpa alama zake. Lakini yumo katika insha hizo mtu mmoja ambaye hakuna amwulizaye neno, naye ni yule aliyekimbia. Alikataa kwa sababu gani? Alitoa udhuru gani? Je, alikuwa na uwezo wa kusaidia, au hakuwa nao?

Twataka kueleza hapa habari za hadithi moja ya kale inayomhusu mtu wa namna hiyo. Si hadithi ya mambo yaliyotukia. Mtu aliyekuwa katika shida hakuwapo duniani, wala marafiki zake waliomkataa hawakuwapo. Hata hivyo hadithi yenyewe ina historia ya kweli, tena ndefu, maana imepita katika dini nyingi na lugha nyingi zaidi kwa muda wa miaka elfu na zaidi. Katika safari hiyo jambo moja lilibadilika kila ilipofika mji mpya, na jambo jingine halikubadilika kamwe. Hayo mawili ndiyo tutakayo msomaji ayaangalie.

Hadithi, kama ilivyo katika kitabu cha Kiyunani cha Barlaam na Ioasaf, yasimulia hivi. Palikuwa na mtu mwenye marafiki watatu. Wawili aliwapenda mno, akawaheshimu na kujitaabisha kwa ajili yao, hata angalikuwa tayari kufa kwa ajili yao. Wa tatu alimdharau. Hakumpa heshima iliyompasa, na urafiki wao ulikuwa mdogo, kama si bure kabisa. Siku moja wakaja askari wakali kumchukua mbio kwa mfalme, akatoe hesabu ya deni la talanta elfu kumi. Mtu yule akatishika, akatafuta wa kumtetea mbele ya mfalme. Akamwendea rafiki wa kwanza, akamkumbusha jinsi alivyomtumikia. Yule akajibu kwamba hamjui, na kwamba anao rafiki wengine wa kufurahi nao siku ile. Akampa vipande viwili vya nguo mbovu avae njiani, basi, asitumaini zaidi. Akamwendea wa pili. Huyu akasema kwamba ana mashaka yake mwenyewe, lakini atamfuata hatua chache, kisha atarudi nyumbani kwenye shughuli zake. Mtu yule akarudi mikono mitupu, akamwendea wa tatu kwa haya, macho chini, maana hakuwa na neno la kumdai. Wa tatu akampokea kwa uso wa furaha, akamwambia kwamba aukumbuka wema wake ule mdogo, naye ataulipa pamoja na faida; asiogope, kwa kuwa yeye atatangulia mbele yake kwenda kumwombea kwa mfalme.

Kisha mwalimu Barlaam amfumbulia mwanafunzi wake maana. Rafiki wa kwanza ni mali. Mtu afapo hapati kwayo ila nguo za kuzikiwa. Wa pili ni mke na watoto na jamaa na wapenzi. Hao wamfuata hata kaburini, kisha warudi kwenye shughuli zao. Wa tatu, aliyedharauliwa, ni imani na tumaini na upendo na sadaka na matendo mengine mema, ambayo yaweza kututangulia tutokapo mwilini.

Kabla ya kufuata safari ya hadithi hii, na tusimame kidogo katika lugha yetu, maana Kiswahili chaifaa kwa namna ya ajabu. Neno "rafiki" tumelipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ya asili ni mwenzi wa safari, mtu afuatanaye na mwenziwe njiani. Sisi twalitumia kwa mtu wa kukaa naye barazani, wa kula naye na kuzungumza naye, hata asiposafiri nasi kamwe. Hadithi yalirudisha neno mahali pake pa kwanza: rafiki ni yule aendaye. Na jibu la rafiki wa pili tunalo neno lake halisi, nalo ni "kusindikiza." Mgeni aagapo, mwenyeji humsindikiza hata njia panda au hata mtoni, kisha huagana naye akarudi. Ni desturi njema, nasi twawafundisha watoto wetu waishike. Lakini katika neno lenyewe kurudi kumo tangu mwanzo. Asindikizaye amekwisha kukata shauri, kabla hajatoka mlangoni, ya kwamba hatafika. Tena watu wa pwani humwita rafiki wa moyoni "mwandani," na wanalo neno jingine lililo karibu nalo kwa sauti, "mwanandani," nalo ni nafasi iliyochimbwa ubavuni mwa kaburi alazwamo maiti. Mwandani humfikisha mwenziwe katika mwanandani, hapo hugeuka akarudi. Na zile nguo mbili mbovu za rafiki wa kwanza, nani katika sisi asiyeijua sanda?

Sasa tuifuate hadithi. Kitabu cha Barlaam na Ioasaf chasimulia habari za mwana wa mfalme wa Bara Hindi, ambaye baba yake alimfungia ndani ya jumba zuri asipate kuona uzee, wala ugonjwa, wala mauti. Lakini aliviona, akaiacha enzi akamfuata mtawa. Wasomaji waliopata kusoma habari za dini za Asia watatambua mara moja ya kuwa hii ni habari ya Buddha. Ndivyo ilivyo. Mtu aliye katika njia ya kuwa Buddha huitwa Bodhisattva kwa lugha ya Kisanskriti. Habari zake zikapita Uajemi, zikaandikwa kwa Kiarabu, na humo jina likawa Budasaf. Ajuaye hati za Kiarabu ataona upesi yaliyofuata. Herufi "be" ina nukta moja chini yake. Herufi "ye," ikiwa mwanzoni mwa neno, ina umbo lile lile, ila nukta zake ni mbili. Mwandishi akizidisha nukta moja tu, Budasaf amekuwa Yudasaf. Wageorgia, waliokipata kitabu katika Kiarabu wakakigeuza kiwe kitabu cha Kikristo, waliandika Iodasaf. Wayunani wakaandika Ioasaf, na Walatini wakaandika Josaphat. Kwa nukta moja mwalimu wa Wahindi akapewa jina la kama la Kiyahudi, na Kanisa la Roma likamwandika katika orodha ya watakatifu wake, siku ya 27 Novemba.

Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba kitabu cha Kiyunani kiliandikwa na Yohana wa Dameski. Wataalamu wa siku zetu waona kuwa yaelekea ni kazi ya Euthymius, mtawa wa Kigeorgia katika mlima wa Athos, aliyekufa mwaka 1028. Mwaka 1048 kilifasiriwa kwa Kilatini, na kutoka Kilatini kikaenea katika lugha za Ulaya. Katika karne ya 13 Jacobus de Voragine alikitia kwa ufupi katika mkusanyo wake wa habari za watakatifu, na mwaka 1483 William Caxton aliupiga chapa mkusanyo huo kwa Kiingereza.

Mwili wa kitabu ulitoka Bara Hindi, lakini mifano iliyomo ndani yake yatoka pande nyingi, na mfano wa marafiki watatu wasikika kwa watu wengine pia. Wayahudi wanao katika kitabu kiitwacho Pirke cha Rabi Eliezeri, ambacho wataalamu hukiweka katika karne ya 8. Humo rafiki wa kwanza ni watoto na watu wa nyumbani, wa pili ni mali, wa tatu ni matendo mema. Mtu akaribiapo kufa, watoto wamwambia kwamba hakuna awezaye kuishinda siku ya mauti, aende kwa mali aliyoipenda. Na mali yamwambia kwamba haina nguvu siku ya ghadhabu. Matendo mema ndiyo yamwambiayo aende kwa amani, kwa kuwa yatafika kabla yake. Waislamu nao wanayo hadithi ya Mtume wao, iliyopokewa kwa Anas bin Malik, nayo imo katika vitabu vya Bukhari na Muslim vilivyokusanywa katika karne ya 9: vitu vitatu humfuata maiti, jamaa zake na mali yake na amali yake, viwili hurudi, kimoja hubaki naye. Hadithi hii yajulikana sana pwani yetu. Na mtu asomaye utenzi wa Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir katika nchi za Pate na Lamu, aona fundisho lile lile katika picha ya majumba ya matajiri wa Pate yaliyokuwa na taa na watu, kisha yakabaki magofu.

Hata Afrika yetu ya mashariki ilikipata kitabu chenyewe cha Barlaam mapema, maana kilifika Uhabeshi. Mwaka 1543 Ahmad Gragn, aliyekuwa ameteketeza makanisa na nyumba za watawa katika nchi ile, aliuawa vitani. Miaka kumi baadaye, yaani mwaka 1553, Enbaqom, mkuu wa nyumba ya watawa ya Debre Libanos, alikifasiri kutoka Kiarabu kwa Kigiizi. Enbaqom mwenyewe alikuwa mgeni aliyetoka Yemen. Twafikiri si vigumu kuona kwa nini kitabu hiki kilipokewa wakati ule. Watu waliokuwa wameona mali zao zikiteketea na jamaa zao wakitawanyika hawakuhitaji kufumbuliwa habari za marafiki wawili wa kwanza.

Huko Ulaya hadithi ilitoka kitabuni ikaingia mchezoni. Karibu na mwaka 1495 mchezo wa Kiholanzi uitwao Elckerlijc ulipigwa chapa, na muda mfupi baadaye ukatokea ule wa Kiingereza uitwao Everyman, ambao wataalamu wengi hudhani kuwa ni tafsiri ya huo wa Kiholanzi. Majina yote mawili maana yake ni Kila Mtu. Mchezo wa Kiingereza ni mfupi, una mistari zaidi ya 900 kidogo tu, lakini ndani yake marafiki wameongezeka, na kila mmoja amepewa kinywa chake.

Mungu amtuma Mauti amwite Kila Mtu alete daftari lake la hesabu. Kila Mtu ajaribu kumpa Mauti fedha apate muhula, Mauti akataa. Ampa ruhusa tu ya kutafuta wa kufuatana naye. Ndipo Kila Mtu aendapo kwa Usuhuba. Huyu aapa, kabla hajaisikia habari, kwamba hatamwacha hata kama safari ni ya jehanamu. Aisikiapo, akataa, lakini aongeza kwamba kama mwenziwe angetaka kula na kunywa, au kutafuta wanawake, au hata kumwua mtu, angekuwa tayari. Kisha aenda kwa Jamaa na Binamu. Hao wameahidi kuishi naye na kufa naye. Waisikiapo habari, Jamaa akataa, na Binamu asema kwamba ameshikwa na mkakamao katika kidole cha mguu, hawezi kwenda. Kisha amwita Mali, naye ajibu kutoka pembeni, akisema kwamba amelala ndani ya makasha na mifuko, amefungwa, hawezi kujitikisa. Amwambia wazi kwamba kazi yake ni kuwapoteza watu, na kwamba aondokapo huyu yeye atamwendea mwingine amdanganye vivyo hivyo.

Hapo Kila Mtu amkumbuka Matendo Mema. Lakini mtungaji alifanya jambo ambalo halimo katika hadithi ya Barlaam. Matendo Mema yu tayari kwenda, lakini hawezi kusimama. Amelala chini katika baridi, amefungwa na dhambi za Kila Mtu mwenyewe. Maarifa, nduguye Matendo Mema, ampeleka Kila Mtu kwa Maungamo, na aishapo kutubu Matendo Mema apata nguvu, ainuka. Kisha waitwa wengine wanne, Uzuri na Nguvu na Busara na Milango Mitano ya Fahamu, nao waahidi kwamba hawataachana naye. Wafikapo kaburini Uzuri aondoka kwanza, akifuatwa na Nguvu, kisha Busara, kisha Milango ya Fahamu. Maarifa akaa hata mwisho, lakini haingii. Aingiaye ni Matendo Mema peke yake.

Mchezo huu ulikuja wakati watu wa Ulaya wakikaribia kugombana juu ya neno hilo hilo la matendo. Mwaka 1517 Luther alianza kubishana na Roma, na mabishano yakaingia hata katika hadithi yetu. Mwaka 1539 Macropedius, mwalimu mkuu wa shule katika mji wa Utrecht, alipiga chapa mchezo wa Kilatini wa habari hii, Hecastus, uliotungwa uchezwe na wanafunzi wake. Ndani yake Wema asimama kando ya mwenye kufa pamoja na Imani. Mwalimu huyo alikuwa mtu wa Roma, lakini watu walimshuku kwa ajili ya Imani huyo, hata akalazimika kujieleza katika chapa ya mwaka 1552. Mwaka 1540 mchungaji wa upande wa pili, Thomas Naogeorgus, alitoa mchezo wake, Mercator, yaani Mfanyi Biashara, kusudi apinge fundisho la kwamba matendo ya mtu yaweza kumwokoa. Watu wale wa dini moja, katika karne moja, hawakupatana juu ya jina la rafiki wa tatu.

Baadaye mchezo wa Kiingereza ulisahauliwa jukwaani, hata William Poel alipouchezesha tena London mwaka 1901. Hugo von Hofmannsthal aliuandika upya kwa Kijerumani, Jedermann, uliochezwa Berlin mwaka 1911. Katika huo rafiki mpendwa wa tajiri, Mali, atoka kashani na kumwambia kwamba siku zote yeye ndiye aliyekuwa bwana, na tajiri mtumwa. Na waendao naye kaburini ni Matendo na Imani, wote wawili, kana kwamba mtungaji alitaka kuwapatanisha wale wa karne ya 16. Mwaka 1920, vita vikuu vilipokuwa vimekwisha, ulichezwa mbele ya kanisa kuu la Salzburg, nchi ya Austria, na katika mji huo wachezwa hata leo.

Hiyo ndiyo safari yake. Basi, ni kitu gani kilichobadilika? Ni rafiki wa tatu. Kwa Wayahudi ni matendo mema, kwa Waislamu ni amali, kwa Wayunani ni imani na tumaini na upendo pamoja na sadaka, kwa Waingereza wa zamani ni matendo yaliyoinuliwa na toba, kwa Naogeorgus si matendo kabisa. Kila dini ilipoipokea hadithi ilimwondoa aliyekuwapo ikamweka wake. Lakini wawili wa kwanza hawakuguswa na mtu. Pengine mali yatajwa kwanza na jamaa pili, pengine jamaa kwanza na mali pili. Lakini ni wao wale wale, na jibu lao ni lile lile. Watu wasiopatana juu ya Mungu walipatana juu ya wale wanaokataa.

Wazee wetu nao walilitazama jambo hili, lakini walitia neno la kulipunguza ukali. Husema, "Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe." Msuhuba wa chakula wamkana kama hadithi imkanavyo, ndugu wa tumbo moja wambakiza. Hadithi haikubali hata hilo. Mzaliwa nawe naye asindikiza, kisha arudi. Je, mithali imekosea? Hatudhani. Twadhani mithali na hadithi zasema mambo mawili mbalimbali, na hapa ndipo twataka walimu wenzetu wafikiri pamoja nasi.

Kuna kukataa, na kuna kutoweza. Mke asimamaye kando ya kaburi la mumewe kisha akarudi nyumbani kupika uji wa watoto hakumkataa mumewe. Hawezi kwenda, mlango ule ni mwembamba, hupita mtu mmoja. Nguvu zimwachapo mgonjwa kitandani, hazikumfanyia hiana, zimekwisha tu. Walakini hadithi yawavika wote aibu ile ile, kana kwamba wote wangaliweza kwenda wakakataa. Imeazima uchungu wa rafiki mwongo ili itufundishe upweke wa kufa. Kwa fundisho la kufa yafaa sana. Lakini yaacha hatari moja nyuma yake: mtu akizoea kusikia kwamba marafiki wote hukataa, na kwamba ndivyo ilivyo desturi ya dunia, aweza kujificha humo siku atakapokataa yeye naye, tena akiwa na uwezo.

Yuko mwandishi mmoja wa kale aliyeitenga njia ya pili peke yake. Naye ni Petrus Alfonsi, Myahudi wa nchi ya Aragon aliyebatizwa Huesca mwaka 1106, ambaye alikusanya visa vya Kiarabu na vya Kiyahudi katika kitabu cha Kilatini. Kisa cha kwanza ni cha Mwarabu mmoja aliyekaribia kufa, akamwuliza mwanawe amepata marafiki wangapi. Kijana akajibu kwamba amepata kama mia. Baba akamwambia kwamba yeye kwa maisha yake yote amepata nusu ya rafiki. Akamwamuru achinje ndama, amkatekate, amtie guniani, na gunia lipakwe damu kwa nje; kisha awaendee marafiki zake awaambie kwamba ameua mtu, wamsaidie kumzika kwa siri. Kijana akapita mlango kwa mlango. Wote wakamwambia auchukue mzigo wake mwenyewe; kama alivyotenda na apate malipo yake, kwao hataingia. Ndipo alipokwenda kwa yule nusu ya rafiki wa baba yake. Yule akamwingiza ndani, akawaondoa mkewe na watu wa nyumbani, akachimba kaburi.

Twajua ya kuwa kisa hiki kina shida, na mwalimu akitumiaye darasani ataulizwa kama ni haki kuficha mauaji. Swali ni jema, na lijibiwe kwamba si haki. Lakini tazameni tofauti. Marafiki hawa waliweza. Walikuwa na mikono, na jembe, na uwanja nyuma ya nyumba. Hapakuwa na mlango mwembamba mbele yao, ila woga tu. Hakuna aliyeuliza hata yaliyotukia. Wangaliuliza, wangaliambiwa ni ndama.

Nasi hatuandiki haya kama watu waliosimama mbali. Miaka mingi imepita tangu mwalimu mwenzetu, aliyekabidhiwa karo za wanafunzi, alipoonekana kuwa na upungufu katika daftari lake, akaitwa mjini akajibu. Alitujia jioni, kesho yake asafiri. Hakutaka fedha. Alitaka tufuatane naye tukashuhudie, kwa kuwa mwisho wa kila muhula sisi ndisi tuliokaa naye tukijumlisha safu zile za hesabu, naye alijua kwamba twazijua. Tulimwambia kwamba tuna madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha, na kwamba mtoto nyumbani ana homa. Yote mawili yalikuwa kweli. Asubuhi tulimsindikiza hata barabarani, tukamtia nauli mkononi, tukangoja mpaka gari likaondoka, tukarudi tukijiona tumetenda vema. Baada ya miezi mitatu hesabu zilipigwa upya, ikaonekana kwamba kosa lilikuwa la kujumlisha, hakupoteza hata senti. Alirudi kazini. Siku ya kwanza aliturudishia nauli yetu, akatushukuru, wala hakusema neno jingine, wala hajasema hata leo.

Tumeisoma hadithi ya marafiki watatu mara nyingi baada ya siku ile. Zamani tulipoisoma tulijiona sisi ni yule mtu mwenye deni, aliyeachwa na wote. Ndivyo hadithi imtakavyo msomaji, maana yamweka katika viatu vya aitwaye. Lakini kila mtu huitwa mara moja tu katika maisha yake kwa hesabu ile ya mwisho. Siku nyingine zote yeye ni yule agongewaye mlango. Tulipokwisha kufahamu hilo, vipande viwili vya nguo mbovu vilikuwa nauli ya gari, na kidole cha Binamu kilikuwa madaftari yaliyokuwa juu ya meza yetu.

Basi, kwa walimu na wachungaji wanaotumia hadithi hii, twaona yafaa kufanya mambo mawili. La kwanza, wasiwaaibishe wafiwa kwayo. Tumesikia mahubiri ya maziko ambamo mjane aliambiwa mbele ya watu kwamba yeye ni rafiki wa pili, atarudi nyumbani na kusahau. Hilo si fundisho, ni kumpiga mtu aliyekwisha anguka. Hakukataa, hakuweza. La pili, waulizapo watoto maana ya hadithi, wasiishie katika jina la rafiki wa tatu, ambalo kila dini imeliandika kwa wino wake. Wawaulize pia habari za udhuru. Mtungaji wa Everyman aliijua siri hiyo: Uzuri na Nguvu wafikapo kaburini hawaleti habari za ugonjwa, waondoka tu, kwa kuwa ndio mwisho wao. Aletaye habari za kidole ni Binamu, ambaye mguu wake ulikuwa mzima. Asiyeweza hana haja ya kutunga sababu. Tuonapo ulimi wetu umeanza kuzihesabu shughuli zetu mbele ya mtu aliyesimama mlangoni, yatupasa tunyamaze kidogo, tujiulize kama ni kweli hatuwezi. Na tukiona kwamba twaweza, tuvae viatu tufuatane naye mpaka afikako.